Makao Makuu ya Chai

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Wamefungua. Mkabala na kibanda changu! Kampuni yenye matawi mji mzima: chai baridi yenye vitufe vya kutafuna ndani yake, mrija mnene kama bomba la sinki. Dada muuzaji, kofia ya kijani, anamwambia kila mteja maneno yaleyale: karibu, leo ni siku yako. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu amekuja nami nimeanza kuumwa.

Fundi viatu, mteja wangu tangu nina nywele, karudi kutoka kule akifyonza. Eti anaonja tu. Nilifuta kikombe kilichokuwa kikavu.

Jumanne, tarehe 4
Sikulala vizuri. Nikapata wazo: nami niwe na matawi! Shemeji, mdogo wake mama watoto, hana kazi. Nimempa chupa kubwa ya chai, jiko dogo na benchi, akae karibu na kituo cha basi. Tawi Namba Mbili. Kwangu nimeandika kwa rangi kwenye kibao: MAKAO MAKUU. Rangi imeniishia kwenye U ya mwisho.

Mama watoto kasema nisimwige tembo, nitapasuka msamba. Kibanda hiki ndicho kinachotulisha, nisikichezee. Nikamwambia akili ni nywele. Akautazama upara wangu, akaendelea kumenya tangawizi.

Jumatano, tarehe 5
Siri ya wenzetu ni ladha moja kila mahali. Leo nimefuta mambo ya huyu ya rangi, yule ya tangawizi, mwalimu mstaafu nusu kikombe sukari nyingi. Chai moja kwa wote!

Fundi viatu akauliza, na yake ya rangi isiyo na sukari je? Nikamwambia makao makuu yameamua. Kisha nikamkaribisha rasmi: leo ni siku yako! Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Akaondoka. Mwalimu naye kamfuata. Miguu inaniuma, na sijatembea popote.

Alhamisi, tarehe 6
Kimya. Nzi mmoja, naye hakukaa. Mchana nikaenda kukagua tawi. Lo! Benchi limejaa wateja wangu! Shemeji anamuuliza kila mtu anapendaje. Nimempa onyo kali kwa kukiuka utaratibu. Akacheka, akasema, sawa shemeji bosi, nikutilie tangawizi kama kawaida?

Nikakataa. Baadaye nikanywa. Vikombe viwili.

Ijumaa, tarehe 7
Ushindi! Dada wa kofia ya kijani kavuka barabara kuja kwangu. Kachoka na chai baridi, anataka kitu cha moto. Nikampa chai yetu ya utaratibu. Kasema haina tofauti na ya kwao. Sijawahi kusifiwa hivyo! Nikatabasamu mpaka nilipoondoa kikombe. Kimejaa vilevile.

Mauzo ya leo: hicho.

Jumamosi, tarehe 8
Mama watoto kaamka kabla yangu. Alibeba jiko langu kubwa, sufuria na vikombe vyote, akahamia kituoni kwa mdogo wake. Nilipouliza mimi nifanye nini, kasema, baba wa matawi, si wewe ndiye makao makuu? Kaa.

Nimekaa. Mimi, kibao na kiti.

Jioni fundi viatu kaja na vikombe viwili kutoka kituoni. Chake cha rangi bila sukari, changu cha tangawizi. Kaketi kando yangu bila kuulizwa. Kasema kule hapapitiki, watu wamesimama mpaka barabarani, shemeji anawajua wote kwa ladha zao. Tukanywa. Nilikuwa nimemkumbuka, mzee yule, ila sikumwambia.

Jumapili, tarehe 9
Nimepumzika, nimetafakari. Ukweli lazima usemwe: tawi limefanikiwa kupita kiasi. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo! Nimeshaona mahali pa Namba Tatu, nje ya duka la vipuri. Rangi nimenunua, U itamalizika.

Kesho mapema nitakwenda kituoni kuzungumza na shemeji kuhusu zile ladha zake. Zimezidi. Iwe moja.