Haki ya Bunduki kwa Mwenye Nyumba

Wananchi watukufu, furahini kwa utaratibu! Mahakama Kuu ya Silaha za Majumbani, iliyoketi hapa Gitega, imeamua kwa kura nne dhidi ya tatu kwamba kila mwenye nyumba ana haki ya kuweka bunduki nyumbani kwake. Wambea wanasema jaji wa saba alikuwa amesinzia, na mkono aliuinua kufukuza nzi. Uongo mtupu. Nilikuwepo. Alikuwa anaomba chai.

Mimi ni Mkurugenzi wa Mapokeo ya Hukumu. Kazi yangu ni kuhakikisha hukumu inapokelewa kama ilivyotolewa. Majaji wamegawanyika, basi na wananchi wagawanyike vivyo hivyo: katika kila watu saba, wanne washangilie, watatu wanung'unike. Wote wakishangilia, wameidharau mahakama. Wote wakinung'unika, hapo tusiongee sana.

Nikatumwa Muyinga, kwenye kilima anakoishi Mheshimiwa Urbano, mtu aliyelipigania shauri hili tangu mwanzo, maana bunduki anayo na nyumba anayo. Nyumba yenyewe ina ubishi kidogo. Marehemu Ignasi aliiacha alipokimbilia Tanzania, Mheshimiwa akaingia kuitunza, akaitunza mpaka akasahau kutoka. Sasa Emiliana, binti wa Ignasi, amerudi kutoka kambini na watoto wake. Analala chini ya turubai nyuma ya migomba ya baba yake, na kila siku anauliza atarudishiwa lini. Watu wengine hawana subira jamani.

Mheshimiwa alinifafanulia sheria vizuri: mwenye nyumba ndiye mwenye bunduki, kwa hiyo mwenye bunduki ndiye mwenye nyumba. Ilibaki sherehe tu. Watu wa kilima wakishaipokea hukumu, dai la Emiliana lingefungwa moja kwa moja.

Nilimpanga Emiliana kwenye washangiliaji. Akaomba nimhamishie kwa wanung'unikaji. Nikamjibu kwamba huko kumejaa, na mmoja wao anaumwa jino, kipaji ambacho yeye hana. Tena ndiye aliyeamriwa kupika pombe ya ndizi, kwa ndizi za baba yake, kwa kuwa hakuna anayempita kwa kupika.

Siku ikafika. Mtungi ukawekwa uwanjani mbele ya nyumba ile, Mheshimiwa akahutubia akiwa na bunduki mapajani, akashukuru majaji wanne na kuwasamehe watatu. Halafu watu wakatulia wakimtazama. Kwetu hata mtoto anajua: mwenye nyumba akikukaribisha pombe, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, ujue haina sumu. Asipoonja, hanywi mtu.

Mheshimiwa akashika mrija. Akautazama mtungi, akamtazama Emiliana aliyeupika. Emiliana akamtabasamia, kama nilivyompangia. Jasho likaanza kumtoka Mheshimiwa, akasema aliyepika ndiye aonje.

Sefu, fundi cherehani wa mjini, Mwislamu ambaye pombe haimhusu hata kidogo, akamsahihisha kwa adabu.

"Patron, mwenye kupika si ye anaonja. Anaonja mwenye nyumba. Hapa si iko kwako?"

Mheshimiwa akanigeukia nimsaidie kisheria. Nikamwambia mambo ya pombe si ya idara yangu. Akautazama mtungi tena.

"Basi mwenye nyumba ni huyu!" akasema kwa sauti kubwa, akimsukumia Emiliana mrija. "Nyumba ya baba yake, ndizi za baba yake, nani asiyejua? Aonje yeye!"

Kilima kizima kilisikia. Emiliana akavuta mrija polepole, akameza, akafuta mdomo. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Haina kitu," akasema. "Karibuni nyumbani kwangu."

Walishangilia wote, hata yule wa jino. Nilipiga kelele watatu warudi kunung'unika, nikampata Mheshimiwa peke yake. Alikuwa anaeleza kwamba alisema vile kwa ajili ya pombe tu, lakini watu walikuwa wameshaanza kunywa.

"Mahakama imesema bunduki inakaa kwa mwenye nyumba," Emiliana akamwambia. "Mwenye nyumba haitaki. Itoke."

Mlinzi wa Mheshimiwa ni kijana mtiifu wa sheria. Akaibeba akaipeleka ofisi ya komini.

Jua lilipozama, Mheshimiwa aliuliza kwa upole sana atalala wapi. Mimi nami nilikuwa nimeletwa kwa gari lake, na dereva alikuwa bado anapokea hukumu kwenye mtungi. Emiliana akasema amekuwa mgeni katika nchi ya watu karibu maisha yake yote, hawezi kumfukuza mtu. Akatutandikia mkeka sebuleni, na kwa siku mbili akatulisha maharage na ndizi kwa heshima zote.

Ila watu waliokulia Tanzania wana desturi zao kuhusu wageni. Siku ya tatu alituamsha alfajiri, ameshika majembe mawili. Nilimweleza kwamba mimi ni Mkurugenzi. Akanipa lenye mpini mrefu.