Mjukuu wa Ghala la Chikichi

Boti ilikuwa imeshang'oa nanga Katonga, Hamdani ndani yake, kofia imeshushwa hadi puani. Aliwakimbia watu watatu aliowauzia kiwanja kimoja cha Buzebazeba. Walipopita karibu na shamba moja kuukuu la ufukweni, akaliona ghala lake la mawe, paa limetoboka kama chekeche. Akaruka majini na viatu vyake. Tapeli naye huitwa, kama padri.

Kesho yake alikuwa Mwandiga kwa Gasper, muuza vipuri vya pikipiki aliyetamani sana kuitwa mwekezaji.

"Ghala lile kalijenga babu yangu," Hamdani alinong'ona. "Nahodha wa Kijerumani kajificha humo siku arobaini. Hata malkia mmoja kajifungulia humo."

"Malkia yupi?"

"Bosi, malkia haulizwi jina. Wazungu wanalipa kumwona sokwe, watashindwa kulipia ghala?"

Historia ya kweli ilikuwa fupi. Marehemu mume wa Bibi Leonia, bibi mwenye shamba lile, alilijenga aweke chikichi, akaweka chikichi. Sasa bibi alikamulia mawese humo peke yake, na mvua zilikuwa mlangoni. Zikinyesha kabla hajaezeka, mawese ya mwaka mzima yataingia maji, na kingine cha kumlisha hana.

Gasper alitoa kianzio. "Kilichobaki, nione kwanza wenyewe wamekutambua."

Basi Hamdani akaenda kupiga magoti. "Shikamoo bibi. Mimi mjukuu wenu aliyepotea."

Leonia, ambaye hakuwahi kupoteza mjukuu, alimkagua toka viatu hadi utosi.

"Marahaba, mume wangu!" akapiga kelele. "Majirani, njooni! Mume wangu karudi!"

Majirani wakaja, wakamkumbusha mila: mjukuu aliyepotea harudi mikono mitupu. Anaezeka kwanza kwa wazee wake, ndipo anakaa. Gasper, aliyekuja kushuhudia, akiangalia kwa kuridhika, Hamdani akanunua bati, misumari na madumu ya pombe ya ndizi, yote kwa kianzio kilekile. Akapanda juu kupigilia mwenyewe, akiimba.

Bati la mwisho lilipotulia, Gasper akatoa bahasha ya pesa na karatasi ya mauzo. "Bibi, mjukuu ananiuzia ghala. Weka dole gumba hapa."

"Thubutu! Huyu si ni damu yetu? Mbele ya watu wote hawa? Ardhi ya ukoo haiuzwi mpaka mkubwa wa ukoo akubali."

"Mkubwa ni nani?"

"Wenzangu wote wamekufa," alisema Leonia, akijimiminia pombe. "Nimebaki mimi. Sikubali."

"Bibi, wewe si bibi yangu!" Hamdani akalipuka. "Hata sikujui!"

Gasper akageuka polepole. "Hebu rudia."

Hamdani alifungwa miezi minne. Alipotoka alihamia Kasulu, anauza sumu ya panya. Gasper anauza vipuri. Mvua ilinyesha Jumanne iliyofuata kuezekwa kwa ghala, siku mbili mfululizo. Leonia aliuza mawese yake yote.