Jinsi Kidole Chepesi Alivyoituliza Regyuleta ya Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mlioketi na mlioegemea kuta, fungeni midomo mzibue masikio, maana nawasimulia vita vilivyopiganwa juu ya meza ya mbao, asubuhi ya Jumanne, baina ya mtu mmoja na kidude kisichozidi punje ya dengu!

Palikuwa na fundi wa vifaa vya kuzamia, aliyeitwa Kidole Chepesi, mpasuaji wa shaba, mfariji wa mipira iliyochakaa. Siku hiyo mlango wa karakana ulifunguka, akaingia mama mkwe wake, Mama Nanga, mzamiaji wa miaka thelathini, msugua matumbo ya meli, ambaye papa wakimwona humpisha njia. Akaitua mezani regyuleta yake, kile kifaa kinachomletea mzamiaji hewa kutoka mtungini hadi kinywani.

"Shikamoo, mama," alisema fundi, kichwa kimeinama.

"Marahaba. Inapiga miluzi kidogo. Saa saba naingia majini, kwa hiyo usiichokonoe sana. Haina ugonjwa."

Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono, akakodoa macho.

Basi Kidole Chepesi akatwaa spana kama shujaa atwaavyo upanga, akaifungua ngome ile ya shaba. Ndani akakuta chumvi ya kijani imepiga kambi, na juu yake utelezi wenye harufu ya jikoni.

"Mama, samahani sana. Kuna mtu ametia mafuta ya kupikia humu?"

"Mtu gani? Ni mimi. Ilikuwa inakwaruza."

"Mama yangu, mafuta haya na hewa ya mtungi havikai pamoja. Yanaweza kushika moto."

"Miaka thelathini sijaungua."

Mkwe habishiwi, fundi akaishika kazi. Akaziosha sehemu zote kwa sabuni, akazilaza kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki hadi chumvi ikasalimu amri, akazisuuza, akazikausha. Akazivisha pete mpya za mpira zilizopakwa grisi yake maalumu. Mwisho akapachika kikalio cha vali, kile kidude cha plastiki kinachoizuia hewa isifurike, akakaza, akaunganisha mtungi na geji, kile kipimo cha msukumo wa hewa.

Mshale ulitakiwa kusimama kwenye tisa na nusu. Ukafika tisa na nusu. Kisha, kwa dharau isiyo na mfano, ukapanda. Kumi. Kumi na moja. Regyuleta ikafoka: ssssss!

"Ilikuja inapiga miluzi," alisema Mama Nanga. "Sasa inapiga kelele."

Fundi akaangalia mezani, lo! Kikalio kipya kilikuwa kingali kimelala juu ya kitambaa, kinang'aa. Cha zamani, chenye duara lililochimbika usoni, ndicho alichokirudisha ndani.

Hapo majeshi mawili yakakutana kifuani mwake. Moja likanong'ona: yasingizie mafuta, nani atajua? La pili likanguruma: atashuka na hiyo chini ya meli. Akasimama wima, akaibana spana kifuani, akanena kwa sauti kuu:

"Mama! Mbele yako na mbele ya mtungi huu nakiri: si mafuta, si chumvi, ni mimi! Nimerudisha kidude kibovu. Niruhusu niifungue tena, hata kama meli itakusubiri!"

Mama Nanga akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili.

"Hotuba ya nini? Fungua."

Akafungua. Akapachika kipya, akakaza. Mshale ukapanda hadi tisa na nusu, ukatulia. Dakika tano nzima waliulinda wote wawili, wakiogopa hata kukohoa, nao haukusogea hata unywele. Mama Nanga akaitia regyuleta mdomoni, akavuta pumzi, akatoa, akavuta tena, akaibeba, akaondoka bila kuaga.

Saa kumi simu ikalia. Fundi akaipokea amesimama.

"Nimetoka majini."

"Vipi, mama?"

"Inapumua." Akakata.

Neno moja tu, enyi watu! Wafalme wamesifiwa kwa maelfu ya maneno wasifurahi hivyo. Basi na iandikwe katika kumbukumbu za karakana zote kwamba siku ile, saa kumi na dakika tatu, Kidole Chepesi alikaa sakafuni kati ya spana zake, akacheka peke yake, hadi jirani muuza rangi akaja mbio kuuliza kulikoni.