Waliosimama Mbele Yangu, Akiwemo Mke Wangu

Odur Bonny, Sajenti Mstaafu wa Polisi
Maghorofa ya Bukoto, Kampala
Ijumaa, tarehe 18

Kwa Mheshimiwa Siraje, Mkuu wa Michezo, Chuo cha Lusozi.

Mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa ndilo shauri lenyewe.

Mimi ni babake Abalo, mfungaji wa timu yenu ya mpira wa pete. Kwa miaka ishirini na tisa niliwafundisha makuruta wa polisi gwaride, yaani kazi yangu ilikuwa kuwasimamisha watu juani mpaka baadhi yao waanguke. Sasa nimestaafu, goti langu la kulia lilistaafu kabla yangu, na ninaleta kwako malalamiko dhidi ya watu wanaosimama. Najua yanavyosikika. Mke wangu Concy ameshacheka kwa niaba ya wote, kwa hiyo wewe endelea tu kusoma.

Kwanza. Safu ya mbele uwanjani ina viti vya plastiki vya wageni, nawe hukaa hapo, ndiyo maana hujui yanayotupata. Sisi wazazi tuko kwenye ngazi za saruji, na mbele yetu wako wanafunzi wenye ngoma na mavuvuzela, wanaosimama toka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye mpira wa miguu mtu huinuka mara moja au mbili, akarudi kukaa. Mpira wa pete una mabao hamsini. Goti langu haliwezi kuinuka mara hamsini. Msimu huu Abalo amefunga mabao mia mbili na sita. Mimi nimeona mawili, nayo aliyafunga wakati wa kupasha mwili, wanafunzi wakiwa bado hawajafika.

Pili. Nilimwendea kiongozi wao, anayeitwa Shakib, kwa adabu zote. Nikamwambia, "Mwanangu, sisi wa nyuma hatuoni." Akanijibu kwa adabu vilevile, "Muzee, hapa si kanisa. Weye simama tu, utaona." Nikamweleza habari za goti. Akasema, "Pole sana, muzee," akanipa vuvuzela.

Tatu. Nilianzisha Chama cha Waliokaa. Wanachama walikuwa mimi na Mama Séraphine, Mkongomani anayeuza vitenge Kansanga, ambaye binti yake ni mlinzi wa timu. Mkutano wa kwanza ulihudhuriwa na wote wawili. Mechi iliyofuata, binti yake akanyakua mpira, Mama Séraphine akaruka juu akipiga vigelegele, na toka siku hiyo hajakaa tena. Nilipomkumbusha katiba alisema, "Papa Abalo, nitakaaje na mtoto wangu anacheza?" Chama kimebaki na mwanachama mmoja, ambaye ndiye mwenyekiti.

Nne. Mgongo ulio mbele yangu moja kwa moja ni wa Concy. Alianza msimu akiwa ubavuni pangu. Mechi ya pili alishuka ngazi moja, eti aone kidogo. Sasa naweza kukuchorea gauni lake la Jumamosi kwa upande wa nyuma, mshono kwa mshono.

Tano. Hili ndilo zito. Jumamosi iliyopita tulikuwa sare, arobaini na moja kwa arobaini na moja, na zilibaki sekunde chache. Nilijua Abalo ana mpira kwa sababu ukuta mzima wa migongo ulinyamaza. Nilitaka kumwona, mara hii tu. Nikavuta pumzi niwaamrishe wakae. Lakini, Mheshimiwa, katika miaka ishirini na tisa sikuwahi kutoa amri ya kukaa. Koo langu haliijui. Kilichotoka ni "Mguu sawa!"

Wanafunzi wote wakakakamaa. Askari wa lango akapiga saluti. Na Abalo, aliyelelewa na sauti hiyo tangu anatambaa, akabana visigino, akanyoosha mikono ubavuni, mpira ukamdondoka. Wapinzani wakauokota, wakaupeleka upande wa pili, wakafunga. Filimbi ikalia.

Hayo nilisimuliwa na Concy. Mimi sikuona.

Nyumbani Abalo alivua viatu mlangoni, akasema, "Baba, mechi ya mwisho usije. Nakuomba." Hakupaza sauti. Angepaza, ningejua la kufanya. Leo ni siku ya sita. Ananisalimia asubuhi na chakula ananiwekea, lakini hanisimulii kitu. Zamani kila baada ya mechi alikuwa anasimama kando ya meza na kunionyesha kwa mikono jinsi kila bao lilivyoingia, mpaka supu inapoa. Yale mia mbili na sita niliyaona hapo.

Kwa kuwa haiwezekani kosa hili liwe langu, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo:

(a) Mwanafunzi anayezidi futi tano na nusu azuiwe langoni, apimwe, apelekwe nyuma. Nina uzoefu wa kupanga watu kwa urefu na sitadai malipo.

(b) Furaha ya bao ionyeshwe kwa kuinua mkono mmoja, usipite sikio.

(c) Watakaokaidi wachimbiwe handaki la futi tatu mbele ya ngazi, wasimame humo, ili vichwa vyao vilingane na vya waliokaa. Uchimbaji nitausimamia mwenyewe, nikiwa nimekaa.

(d) Concy apewe onyo la maandishi. La mdomo nimempa mara nyingi, na kila mara amelipokea bila kugeuka.

(e) Abalo aamrishwe, na mtu mwenye cheo kuliko changu, aniruhusu kuingia uwanjani. Ikishindikana kumwamrisha, aombwe.

Nikitumaini utalitazama shauri hili kwa jicho lisilozibwa na mgongo wa mtu, nawasalimu makocha, waamuzi, wapishi wa chuo, Mama Séraphine ingawa alikisaliti chama, hata Shakib. Msalimie pia askari wa lango. Nasikia saluti yake ilikuwa nzuri, ila kiwiko kilishuka.

Mimi wako mtiifu,
Odur Bonny
Mwenyekiti, Chama cha Waliokaa

N.B. Jumapili. Bahasha nilikuwa sijaifunga, na sasa naona heri barua hii usiisome. Jana nilikwenda. Nilipitia kwa wauza mahindi, nikajificha ngazi ya juu kabisa, nimeshika nguzo, Abalo asinione. Nikaona mabao yote thelathini na nane. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anauma ulimi kabla ya kurusha. Ilipofika robo ya mwisho, sijui nilishukaje, wala goti lilikuwa wapi, lakini nilijikuta mbele ya wote. Yule uliyemvuta koti ukimwambia, "Muzee, kaa chini, hatuoni," alikuwa mimi. Samahani, sikukaa. Na kofia iliyokupata usoni lilipoingia bao la ushindi ni yangu. Tafadhali niwekee. Abalo amesema atapita ofisini kwako Jumatatu kuichukua, halafu jioni aniletee na kunisimulia uso wako ulivyokuwa, maana hilo peke yake sikuliona.