Kufuli Iliyofuata Mwezi wa Tanga

Ijumaa, 13 Mei 1955

Siku kubwa! Bwana Idarusi, tajiri wangu, mwenye malori yaendayo Moa na Horohoro, ameita makarani wake wote dukani, hapa Usagara. Wote maana yake mimi na Tadeo. Amesema amechoka. Makasha ya chuma yanatoka Tanga yamejaa, yanafika Moa yamepungua. Sukari inapungua. Kanga zinapungua. Hata sabuni! Funguo zimezagaa, kila dereva anao wake, na shemeji wa dereva anao wake. Basi amenunua kufuli za namba. Hazina ufunguo kabisa. Zina vigurudumu vitatu vya tarakimu. Ukivipanga sawa, inafunguka. Ukivipanga vibaya, unavunjika kucha.

Ila namba nayo huchakaa, akasema. Ikikaa sana itajulikana hata na mbuzi wa mtaani. Lazima ibadilishwe kila baada ya muda, hapa Tanga na kule Moa, bila kuandikiana na bila dereva kuambiwa. Atakayepata njia nzuri ndiye atakayekuwa mkuu wa stoo.

Mkuu wa stoo! Kiti chenye mgongo. Meza yenye saraka. Tadeo kuniamkia asubuhi.

Tadeo ni Mshambaa, Mkatoliki, mpiga mluzi. Akatoa rai papo hapo: namba iandikwe kwa chaki chini ya kasha, maana hakuna mtu anayechungulia chini ya kasha. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, na tumbo lenyewe tupu kwa saumu.

Yangu nimeitoa taratibu, kwa heshima ya jambo lenyewe. Namba ibadilike kila mwezi unapoandama. Ramadhani ina namba yake, Mfunguo Mosi, mwezi unaoanza kwa Idi, una namba yake, na kuendelea. Mwezi hauibiwi. Mwezi hauhongwi. Uko juu ya Tanga, uko juu ya Moa. Tadeo akauliza, na mawingu je? Nimemwambia asituletee mambo ya milimani kwao. Bwana Idarusi ameitikia kwa kichwa, ameridhika. Nimeshinda!

Jumatatu, 16 Mei

Nimekwenda Moa na lori la dereva wetu Zebedayo. Masika imeifanya njia uji. Tumesukuma zaidi ya tulivyopanda.

Mzee Jumbe ndiye wakala wetu kule, mtu wa msimamo na ndevu. Nimempa shikamoo, nimewatoa watu sebuleni, nimemnong'oneza namba ya Ramadhani na namba ya Mfunguo Mosi. Kumbe sikio lile halisikii. Nikahamia la pili. Hapa siziandiki hizo namba. Siri ni siri, hata kwangu mwenyewe.

Kisha nikamfundisha kanuni niliyoitunga njiani, tulipokuwa tumekwama. Mwezi ukifa, namba yake imekufa. Maiti haifufuliwi. Asiiguse tena, hata aombwe na nani. Mzee Jumbe akaipenda sana. Akala yamini mbele yangu kwamba namba iliyokufa haitapita vidoleni mwake. Nilikaribia kulia. Hivyo ndivyo mtu anavyosikiliza elimu!

Kaniambia pia bintiye anaolewa Alhamisi baada ya Idi. Nguo zote za bibi harusi zinanunuliwa Tanga, zitakuja katika kasha letu. Nimemwambia ahesabu amekwisha kuzipokea.

Jumapili, 22 Mei

Mwezi ishirini na tisa wa Ramadhani. Jioni mji mzima tumetazama magharibi. Wingu! Wingu zito, la kijivu, limekaa pale kama limepanga nyumba. Hakuna aliyeona kitu. Mke wangu Mwatumu ameniuliza natafuta mwezi au natafuta kiti. Nikaendelea kulikodolea wingu. Mwanamke akikujua sana si neema.

Basi kesho tunatimiza thelathini, na namba ya Ramadhani inaendelea. Nimelipakia kasha la bibi harusi kwa mikono yangu: kanga doti kwa doti, hariri, marashi, viatu vya visigino virefu. Nimelifunga kwa namba ya Ramadhani. Nimeivuta kufuli mara nyingi. Haitikisiki. Tadeo alisimama mlangoni akipiga mluzi wa kanisani. Kijicho.

Jumatatu, 23 Mei

Msiba. Zebedayo aliondoka alfajiri na kasha, karudi bila kasha karibu na magharibi, sisi roho ziko juu tunangoja futari. Shati lake linanuka pilau. Nikafikiri ni Ulutheri wake. Kumbe pilau la Idi! Moa leo wamesali Idi. Mzee Jumbe na wavuvi wawili wameuona mwezi jana kwa macho yao, mwembamba, dakika chache, ukazama.

Na kasha? Halifunguki. Mzee Jumbe amepanga namba ya Mfunguo Mosi tangu walipolishusha, mpaka vidole vimemvimba. Watu wakamshauri ajaribu ile ya mwezi uliopita. Akawauliza kama wanataka avunje kiapo, na siku ya Idi.

Ningempa Zebedayo namba arudi nayo. Lakini dereva haambiwi namba. Kanuni yangu.

Bwana Idarusi kapata habari kabla sijamaliza tende. Kasema harusi ni Alhamisi, na Mzee Jumbe ni rafiki wa marehemu baba yake. Kasha lisipofunguka, nisisumbuke kuuliza kiti. Nisisumbuke hata kuja kazini. Naogopa.

Jumanne, 24 Mei

Idi yetu. Nimesali, nimepanda lori, biriani ya Mwatumu nimeinusa tu.

Moa wote wako kwa Mzee Jumbe. Kasha liko katikati ya baraza, limezungukwa kama mgonjwa. Nikafanya haraka nilimalize, nikainama, nikashika kufuli. Mzee Jumbe akaniuliza kwa upole naweka namba ya mwezi gani. Nikasema ya Ramadhani, maana kasha lilifungwa Tanga, na Tanga ilikuwa bado Ramadhani.

Loo! Kelele ilizuka. Kwamba nikiifungua kwa namba ya Ramadhani, mbele ya watu, ninashuhudia kwamba jana ilikuwa Ramadhani. Kwamba Moa nzima ilikula mchana wa Ramadhani, tena pilau. Mvuvi mmoja akaniuliza kama namwita kipofu. Mzee Jumbe akasema ama niifungue kwa namba ya Mfunguo Mosi, ama nisiifungue.

Haiwezi kufunguka kwa namba ya Mfunguo Mosi. Hiyo ndiyo kazi ya kufuli.

Nikaleta akili. Nikasema kufuli hii ni msafiri, imetoka Tanga, na msafiri ana ruhusa zake. Nilijiona nimeokoka. Mzee Jumbe akasema ndiyo, ila msafiri akifika mji wenye Idi hufuata watu wa mji aliofikia, na hilo wanalijua hata watoto wa chuo cha Kurani. Baraza zima likaitikia. Nami, Mungu anisamehe, nikapandwa na hasira za Kitanga, nikasema ule mwezi wao labda ulikuwa ukope umeingia jichoni.

Sikupaswa kusema hivyo. Chakula cha mchana kililetwa kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Jumatano, 25 Mei

Hila ya kwanza: nijifanye naipangusa kufuli kutu kwa kanzu, huku vidole chini ya kanzu vinapanga namba. Mzee Jumbe akaniambia nipanguse mikono ikiwa nje ya kanzu. Hila ya pili: ningoje adhuhuri, waende msikitini, nibaki. Walikwenda. Mzee Jumbe akaswali palepale barazani, kisha akakaa juu ya kasha. Juu yake! Akavuta tasbihi. Nikamkumbusha kwamba kesho binti yake atatoka na nguo za nyumbani. Akajibu kwamba nguo za nyumbani si dhambi. Lakini niliona macho yake. Anampenda yule binti kupita kiasi, na kiapo alichokula nilimlisha mimi. Nilijichukia kidogo. Kisha nikamchukia Tadeo, nikapata nafuu.

Ndani binti analia. Kilio chake kinapita ukutani, kinaingia tumboni mwangu, ambamo hamna kitu kingine.

Mara akatoka Bi Mastura, somo aliyemfunda bibi harusi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Akauliza wanaume watamaliza lini kuchunga chuma. Akamwambia Mzee Jumbe ainuke. Akainuka! Akauliza kiapo chake kinahusu nini. Namba, akasema mzee. Akaniuliza mimi kanuni yangu inahusu nini. Namba, nikasema. Akasema vema, namba zenu zikae hapo hapo, hakuna atakayezigusa. Akaligeuza kasha, mgongo ukaja mbele. Kule nyuma kuna bawaba mbili, zimekazwa kwa skurubu, kwa nje. Akaagiza kisu cha mboga.

Wali ulikuwa haujaiva jikoni, kifuniko kikawa kimetoka. Kufuli bado imefungwa, inaning'inia palepale mbele, imara, haijaguswa. Moa haikula Ramadhani. Tanga haikukosa mwezi. Vigelegele! Mzee Jumbe alinikumbatia, tukalia wote wawili, na nikaletewa sinia peke yangu.

Alhamisi, 26 Mei

Harusi. Sijapata kuona bibi harusi mzuri vile, Mwatumu asisome hapa. Viatu vilimbana, akavivaa hivyo hivyo. Nimekula mpaka Zebedayo akasema lori litakwama kwa sababu yangu. Yule mvuvi wa mwezi kanipa samaki mkavu niende naye nyumbani, kwa sharti nikiri kwamba ana macho mazuri. Nimekiri. Ana macho mazuri sana.

Jumamosi, 28 Mei

Nimerudi kazini. Bwana Idarusi hakunifukuza, maana Mzee Jumbe ameleta salamu za kunisifu. Ila kiti kapewa Tadeo. Namba itaandikwa kwa chaki chini ya kasha, kama alivyosema, na bawaba zote zitahamishiwa ndani. Mimi nimepewa kazi ya kupanga magunia matupu. Tadeo hakunicheka. Kanikaribisha nikae kidogo kitini nionje. Kiti kizuri. Kina mgongo kweli.

Nimekaa na magunia nikawaza, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Bawaba hazikuwa kosa. Bawaba ni mambo ya fundi. Kufuli yenyewe ilishinda mtihani: Moa nzima imeshindwa kuifungua! Kosa lilikuwa mwezi. Mwezi ni wa kutafutwa, na wenye macho hawakosi kubishana. Tena namba kukaa siku zote hizo ni uzembe. Namba inatakiwa ifuate kitu ambacho hakuna mawingu yatakayokificha, wala mvuvi atakayekula yamini kwacho. Maji! Yakijaa, namba moja. Yakipwa, namba nyingine. Bahari ya Tanga ndiyo bahari ya Moa. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kulifikiria.

Sikutaka kumsumbua Bwana Idarusi kwa maneno. Nimeamua aone kwa vitendo. Asubuhi, alipokuwa mbele na wateja, nimelifunga kasha lake mwenyewe la ofisini kwa kufuli niliyorudi nayo kutoka Moa na kuifungua hapa Tanga. Kasha hilo Tadeo amekwisha kulihamishia bawaba ndani, kwa hiyo ni imara kabisa. Nimepanga namba ya maji kujaa. Au ya kupwa. Nilipofunga yalikuwa yanageuka.

Sasa sinia la pilau limeingia ofisini kwake, na nimeambiwa kwamba meno yake ya bandia huyaweka mle kashani mpaka saa ya chakula. Ananiita, jina langu na la baba yangu, kwa sauti isiyo na meno. Nimeitika labeka, naja. Acha kwanza nitoke kwa mlango wa nyuma, niteremke pwani nikaangalie maji.