Tundu Juu ya Bawa

Jumatatu, 6 Mei

Mambo yameiva! Mzee Orynbasar, fundi mkuu wa kiwanja chetu cha ndege, katangaza kiti cha fundi wa angani. Msimu wa kunyunyizia ngano dawa unaanza wiki ijayo, na rubani Kamshat hapai bila fundi pembeni. Tunaogombea ni wawili: mimi, Serikbol, na yule Zhanserik mwenye soksi safi kila siku. Mke wangu Ulzhan kasema waziwazi kwamba nikibaki kuwa mwosha ndege, kiangazi hiki naenda kuchunga kondoo wa kaka yake. Kondoo! Wale wananichukia.

Mzee kauliza swali moja tu: petroli inafikaje kwenye injini? Zhanserik kadakia. Matangi yamo ndani ya bawa la juu, kwa hiyo petroli inashuka kwa uzito wake hadi kwenye chujio, kisha pampu inaisukuma kwenye kabureta. Nikauliza, kama inashuka yenyewe, pampu ya nini? Na kama pampu ipo, kwa nini matangi yasikae chini tukapumzika kupanda ngazi? Mzee kaagiza chai.

Wakati wa chai Zhanserik kamiminiwa nusu bakuli. Mimi robo tatu. Sijapenda hata kidogo. Kwetu anayependwa humiminiwa kidogo, ili bakuli lirudi kwa mwenyeji tena na tena. Likijazwa hadi ukingoni, maana yake kunywa uende zako.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata! Nikiosha bawa la juu nimekuta mrija mdogo, mdomo wazi, umetokea kwenye tangi. Nimenusa. Petroli! Yaani mchana kutwa petroli inaondoka na upepo wa nyikani, na watu wamekaa wanakunywa chai! Upande wa pili hivyo hivyo.

Nimemchokoza Zhanserik kama kwa mzaha, eti lile tundu ni la nini. Kasema tangi lazima lipumue. Lipumue! Tangi lina mapafu? Kaniona juha huyu. Nimecheka mpaka ngazi ikatikisika.

Mpango ni huu: nayaziba yote mawili kimya kimya, halafu namwonyesha mzee geji ya petroli isiyoshuka. Kiti changu.

Ijumaa, 10 Mei

Kuziba si mchezo. Kitambaa kimepeperuka. Kijiti kimevunjikia mkononi. Nikakata tamaa, nikatia mkono mfukoni nitafune kurt za Ulzhan, vile vidonge vya maziwa makavu, vigumu kama kokoto. Nikakitazama kimoja. Nikautazama mrija. Kimeingia kana kwamba kilipimwa! Cha pili nacho, tena kwa kukigonga na kisigino cha kiatu.

Nikashuka, nikakodolea macho geji. Haijashuka hata unywele! Ni kweli injini ilikuwa imezimwa, lakini geji ni geji.

Jumamosi, 11 Mei

Sielewi kitu. Sielewi!

Kamshat alikuwa ameshafunga mkanda, anataka akatazame mashamba kutoka juu. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri. Nikaanza kutabasamu, nikajisogeza karibu na mzee ili awe wa kwanza kunipongeza. Mara ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazimika. Na geji inasema matangi karibu yamejaa!

Nikapiga kelele kwamba pampu imekufa, si nilisema mimi hiyo pampu haina maana? Zhanserik kakimbilia bawani. Kapanda ngazi, kafungua kifuniko cha tangi. Fyuuu! Tangi likavuta pumzi kama mtu aliyeokolewa majini. Nimesimama mdomo wazi. Kumbe linapumua kweli? Linapumua petroli au hewa? Na kama petroli iko juu na injini iko chini, nani kaizuia katikati?

Kisha kachokonoa mrija, kidonge kikadondoka miguuni pa mzee. Mzee kakiokota, kakinusa, kakigusa kwa ncha ya ulimi. Kakunja uso. Kauliza, hapa kiwanjani ni mke wa nani mwingine anayetia chumvi namna hii? Watu wote wakanigeukia.

Kamshat ni rafiki wa mke wangu toka shule. Kashuka polepole, kaniambia, “Shemeji, hii ingezimikia juu ya mashamba, mzimu wangu ungekuja kulala katikati yenu kila usiku.” Alikuwa anacheka, lakini hakurudi kwenye kiti chake. Mimi sikucheka. Nimeona aibu, wallahi.

Jumapili, 12 Mei

Mzee kaniita kwake chai. Peke yangu! Nimevaa koti la harusi.

Kashika birika. Kifuniko chake kina kitundu. Kakiziba kwa kidole, kainamisha birika: matone mawili matatu, kisha kavu. Kaondoa kidole, chai ikabubujika. Kaziba, ikakata. Kasema hewa isipoingia, hakuna kinachotoka, iwe chai iwe petroli. Kaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa sana.

Akaondoa kidole tena, akamimina. Akamimina hadi ukingoni, ikamwagikia kitambaa. Kisha akaweka birika chini, akanisogezea bakuli. Mkewe kageuza uso dirishani.

Nimelitafakari hilo bakuli njia nzima. Jibu ni rahisi: mzee kasahau kurudisha kidole! Uzee tu, maskini.

Nyumbani nimekuta Ulzhan kafunga mzigo wangu na fimbo ya kaka yake imeegemezwa mlangoni. Zhanserik, kasema, ameonekana na kofia ya fundi wa angani. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kosa langu nimeshaliona: chumvi. Nimemwomba anikaushie kurt nyingine, na safari hii asitie kabisa.