Maabara ya Virusi Yazinduliwa Kisenyi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa eneo, waheshimiwa makamu wake wote watano, Afande, Sheikh Abdul-Latif, Mchungaji Wanjala, mabibi na mabwana, na ninyi wengine mliokuja bila mwaliko, hamjambo! (Hatujambo!) Mimi, Daktari wa Heshima Erinayo Ongom, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Virusi, Seli na Masuala Yanayoambatana Nayo, nina furaha isiyo kifani kuwatangazia kwamba, kwa kuzingatia mpango mkakati, freimiweki ya utekelezaji na wokshopu kumi na nne nilizozifungua mimi mwenyewe, na kuzifunga, Maabara ya Kisenyi imekamilika kwa asilimia tisini na nane nukta sita. (Makofi. Mchungaji anageuka kuitafuta maabara.)

Kirusi ni nini? Niulizeni mimi! Ni kitu kisicho na jiko wala mtambo. Kinaingia ndani ya seli yako, kinakalia kiti cha mwenye nyumba, na tangu siku hiyo seli inakifanyia kazi chenyewe. (Minong'ono. Watu wanamtazama Mwenyekiti.) Msicheke! Kile cha mlango wa kizazi, HPV, hukata breki za seli, na ninyi mafundi wa gereji mnajua gari lisilo na breki linaishia wapi. Hiyo ndiyo saratani. Vingine vina sehemu zinazofanana na za mwili, hata askari wa mwili wanachanganyikiwa na kuanza kumpiga yuleyule wanayemlinda. (Kicheko kirefu. Afande hacheki.)

Mama, mbona umesimama? (Nabalayo, muuza nguo wa Nakawa: "Mheshimiwa, mulichukua kipimo yangu mwezi wa pili. Mimi bado natoka damu. Majibu iko wapi?") Swali zuri sana, nyabo! Kipimo chako kimo ndani ya mfumo, kinapitia tathmini shirikishi, na hakuna nchi katika kanda hii iliyowahi kutathmini kipimo kwa muda mrefu kama sisi. (Nabalayo haketi.)

Semeni nami: Virusi nje! (Nje!) Seli oyee! (Oyee, sauti tatu.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Bi Maimunah, aliyetuazima mlango wa duka lake tukaukatia utepe. Muuza nyama Abudu, kwa makoti haya meupe. Na zaidi mke wangu, ambaye friji yake imetunza vipimo vya akina mama tisini tukisubiri kiwanja kipatikane, maabara ijengwe na mradi uidhinishwe. Sasa anataka nafasi ya maziwa. Kwa hiyo, akina mama, piteni kwenye buti la gari langu, kila mmoja achukue chupa yake ya kipimo. Majina yamefutika, lakini nina imani kila mtu anaijua yake. Asanteni sana.